Shamba la Nyanya Ndani ya Madebe

Mjukuu wangu amekata bidoni ya njano, dumu la maji, ubavuni, akaijaza udongo, akapanda lengalenga, mchicha wetu. Ameiweka mlangoni kabisa, ambapo miguu yangu mibovu inajikwaa kila nikitoka. Sikumgombeza. Niliketi tu, rafiki yangu, maana siku hizi hata kukumbuka kunanichosha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, nami bado msichana mdogo hapa Uvira, mtaa wa Rugenge. Nyanya, mama yake baba, alikuja kukaa nasi kutoka Lubarika baada ya mume wake kufa na shemeji zake kuchukua shamba. Alishuka kwenye lori la pamba na mkeka mmoja, na mbegu zilizofungwa katika kipande cha kitenge.

Uwanja wetu ulikuwa mawe matupu yaliyoporomoshwa na maji ya mlimani. Nyanya aliuzunguka, akaguna. Kesho yake alianza kuokota: madebe ya mawese yenye kutu, sufuria zilizotoboka, chungu kilichopasuka shingo. Mimi nilitumwa kuchota udongo mweusi kando ya mto na kuomba mavi ya mbuzi kwa jirani. Alipanda mbegu zake humo, na maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa ovyo tena, yalinywesha miche. Asubuhi nilimsikia akisemesha mimea kwa Kirundi, chinichini, huku jirani akitwanga sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa ua. Na jioni, lengalenga ikichemka na mawese na ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, nyumba nzima ilinukia, na Nyanya aliyelalamikia mgongo mchana kutwa alicheka.

Ndipo akaja mtu wa usafi, aliyetumwa na serikali kukagua nyumba kwa sababu ya mbu.

"Mama, hii madebe yote itoke. Maji inalala mule, mbu inazaa."

"Maji haiko mule, mwana wangu. Iko udongo. Ingiza mukono, weye mwenyewe uone."

Aliingiza kidole, kikatoka na udongo tu. Akatazama pembeni.

"Minye nimetumwa, mama. Nikirudi nikute ingali, baba wa nyumba atajibu ku biro."

Baba alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini, na tulijua kwamba aliyeitwa biro, ofisini kwa Wabelgiji, mara nyingi alirudi bila kazi. Jioni ile alisimama mbele ya madebe, viatu bado miguuni. Nyanya ndiye aliyeinuka.

"Leta jembe. Anzia ile ya huku, haiyaota bado."

"Mama, unisamehe."

"Uko na watoto. Mwaga."

Walimwaga pamoja. Nyanya alimshikia kila debe, akang'oa miche mmoja mmoja na kukung'uta mizizi taratibu, kama anayemvua nguo mtoto aliyelala. Tulizipika mboga zote, hata zile changa. Baba hakumaliza sahani yake.

Mvua ziliponyesha, lengalenga iliota yenyewe pale udongo ulipomwagwa. Tulimkimbilia Nyanya tukipiga kelele. "Muchume, mupike," alisema, bila kuinuka mkekani. Jirani akamwita akapande uani kwake.

"Minye nimechoka, mama," alimjibu. "Wamenyang'anya mara mbili. Ya tatu sitaki."

Alikufa kabla ya uhuru, tukamrudisha Lubarika, akazikwa kando ya shamba lililokuwa lake. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuitaja jioni ile hata siku moja. Uwanja wetu umejengwa nyumba za watu nisiowajua. Majirani wa wakati ule wamekufa, wengine vita viliwahamisha, na sauti ya mchi asubuhi siisikii tena.

Nikiwaambia wajukuu kwamba mwanamume alimwaga shamba la mama yake, na mama akamshikia madebe ili asione haya peke yake, wananiuliza kwa nini hawakukataa. Nguvu za kuwaeleza sina.