Hitima ya Wasio na Kaburi

Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Bertrams, mtaa wa Johannesburg, inauma mpaka kwenye kucha, lakini Mwatumu Luqman ameshakunja mikono ya sweta. Anakaanga vitunguu vya pilau uani, na moshi unamtoa machozi.

"Ningoje jua? Hawa ninaowapikia wamengoja miaka mia mbili," anasema, kisha anacheka.

Mzaliwa huyu wa Dar es Salaam hupika kwenye harusi na misiba ya Waswahili wa Johannesburg. Leo hakuna aliyemwita kazini. Anapika hitima ya Waafrika waliosafirishwa utumwani Brazili, wakiwamo watu wa ukoo wa bibi yake Mmakua, waliotekwa ng'ambo ya Ruvuma.

"Bibi alisema hawakuwekewa matanga, kwa kuwa hakuna aliyejua kama wamekufa. Nami nikinyamaza, nitakuwa nimewatupa mara ya pili."

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mwatumu hakubaliani nao.

Tatizo ni Ustadhi Bakiri, anayesoma hitima za Watanzania mtaani hapa. Alimkatalia katakata. "Bi Mwatumu, majina huna, kaburi huna. Na mfiwa ni nani?"

"Njoo ule tu, Ustadhi," alimjibu.

Adhuhuri ua umejaa, na kweli, swali la Bakiri linauma. Mkeka wa wafiwa, wanakopewa pole, una Mwatumu peke yake. Watu wanatazamana. Aibu inamshika, anainama.

Ndipo jirani yake Mkongomani, Héritière, anapovua viatu.

"Mama Mwatumu, sogea. Hata kwetu batu balibebwaka utumwani."

Anaketi. Mkenya mmoja anafuata, kisha Mrundi na mkewe. Unatandikwa mkeka wa pili, wa tatu, mpaka anabaki mtu mmoja tu wa kutoa pole: Bakiri, aliyesimama getini akijifanya amefuata pilau.

Anawatazama wote.

"Poleni, jamani," anasema. Kisha naye anavua viatu, anaketi miongoni mwa wafiwa na kuinua mikono. "Majina yao anayajua aliyewaumba."

"Amina" inayoitikiwa inawavuta majirani madirishani.

Pilau inaliwa mpaka ukoko. Mwatumu, uso umemnawiri, tayari anapanga ya mwakani: atawaalika Wabrazili wanaoishi jijini.

"Nao utawakalisha mkekani?" Bakiri anauliza.

"Thubutu! Hao ni vitukuu vya waliofika hai. Hao nitawapokea kwa vigelegele."