Maji Yaliyokuja Jua Likiwaka

Kadutu, mtaa wa Bukavu nilikokulia, mvua ilikuwa jirani mbaya. Iliingia bila hodi, ikashuka na udongo wa watu wa juu na kuuacha mlangoni mwako. Kwa hiyo nilipoajiriwa hapo hapo Bukavu katika idara ya maji, miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, na kuambiwa kwamba nitapima mito ya bonde la Ruzizi, nilicheka. Mito gani? Ukishateremka milima yetu kuelekea kusini, nchi inakauka ghafla: miiba, vumbi, na njia za mchanga ambamo mbuzi hulala mchana. Njia hizo za mchanga ndizo walizoziita mito.

Nilicheka mapema. Mvua hunyesha juu milimani, mbali, na mtu wa bondeni haoni hata wingu. Anapalilia jua likimchoma mgongo, kisha maji yanamfikia kwa mkupuo mmoja. Idara ilisimamisha nguzo zenye alama pale mito inapotoka milimani, na kazi yetu ilikuwa kuziangalia. Maji yakipita alama nyekundu, lori lilipaswa kukimbia kuwaonya watu wa mahali pawili: mlinzi wa daraja na wale wa ghala la pamba.

Na wakulima je? Hao walikuwa wamekatazwa kulima ndani ya mito mikavu. Kwa akili ya ofisi, aliyekatazwa kuwa mahali hayupo mahali hapo, na asiyekuwapo haonywi. Hasira ya jambo hilo sijaimaliza mpaka leo. Wanawake walilima humo kwa sababu chini ya mchanga ule palibaki unyevu, na viazi vitamu vilishika hata mwezi ambao kila kitu kingine kimeungua. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze heshima yetu. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake, hamwiti, hali chakula mbele yake. Mkikutana njiani, mama huacha njia na kujificha mpaka upite. Ukiwa na neno la lazima, unamwambia mtoto, au kuku, au jiwe, na mwenye masikio anasikia. Wazungu wa ofisini walishika mbavu nilipowasimulia. Mimi naona desturi hiyo ilizuia ugomvi katika nyumba nyingi, na sikuwahi kuiona kuwa mzigo.

Mara nyingi nilimtuma mke wangu ateremke akamwonye mama yake. Alikwenda, lakini binti hamtishi mama yake. Nadhani alilipunguza neno langu makali njiani. Kila mara alirudi na viazi na jibu lile lile: mama anashukuru, ila mto ule ulikufa zamani.

Siku ninayoikumbuka, jua lilikuwa kali na mbingu nyeupe. Mimi na dereva tulikuta nguzo ya mto ule imemezwa hadi juu ya alama nyekundu, maji yakiwa mekundu ya udongo na yakibeba migomba. Dereva aligeuza lori bila kuambiwa. Tuliyaacha maji nyuma, maana mto ulijipinda sana na barabara ilikata moja kwa moja. Pale barabara inapoachana na mto, nilimwona mwanamke amekaa juu ya ukingo, kwenye kivuli chembamba cha mti wa miiba, mbuzi wake amefungwa karibu. Nilikitambua kitenge, mimi ndiye niliyekinunua.

“Simamisha, papa,” nilimwambia dereva. “Ni mama mukwe wangu.”

“Patron wa ofisi alisema daraja kwanza. Na utamusemesha na kinywa gani?”

Nikaruka. Lori likaendelea.

Nilikimbia nikipunga mikono, naye akaniona. Akafanya alichofanya kila mara, kile ambacho mama yeyote mwenye adabu angefanya: alijifunika kichwa, akaacha kivuli chake salama, akateremka haraka kujificha nisimwone. Akateremka mtoni. Akachutama nyuma ya jiwe, katikati ya matuta yake ya viazi.

Na bado, jamani, heshima ilinishika. Nilifika ukingoni, nikampa mgongo, nikasema na mbuzi.

“Mbuzi, ambia mwenye shamba apande. Mayi inakuja, mayi mingi!”

Sauti yake ikaja, ya upole kabisa, kutoka chini: “Mbuzi, ambia mukwe wangu apite kwanza. Nitapanda akisha kupita.”

“Mbuzi, hakuna kupita! Apande sasa!”

“Mbuzi, nitapanda namna gani na yeye iko pale?”

Alisema kweli. Nilikuwa nimesimama kwenye njia pekee ya kupandia. Nikakimbia kando ili nimwachie nafasi, na hapo nikausikia mngurumo, kama malori mengi yanapopanda mlima pamoja. Mbuzi alianza kuvuta kamba. Mama hakutoka, pengine alidhani ndilo lori letu linarudi.

Nikapiga moyo konde, nikashuka. Nilimshika mkono, mimi, mkono wa mama wa mke wangu. Alipiga kelele ya aibu, akaniuma kidole, akaning’ang’ania nguo akinisukuma. Nikambeba begani kama gunia la mihogo, nikapanda naye nikiteleza kwenye mchanga. Tulikuwa tumefika tu kwenye mti wa miiba maji yalipopita chini yetu yakigonganisha mawe. Matuta yalitoweka mara moja, hayakuacha hata jani.

Nilimweka chini, nikageuka haraka. Nilikuwa na furaha, nakiri, furaha ya mtu aliyeokoa mtu wa kwake. Nyuma yangu nilisikia anahema. Kisha akasema, wala hakumtumia mbuzi:

“Na benzangu kule chini ya kona ya muto, nani alibaambia?”

Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe. Nikageuka, nikamwona uso. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na anafanana sana na mke wangu.

“Hakuna mutu, mama,” nilisema.

Hakulia na hakunilaumu. Aliondoa kitenge kichwani, kichwa kikabaki wazi mbele yangu, akatembea hadi ukingoni, akaanza kuwaita wenzake kwa majina, mmoja baada ya mwingine.