Vitufe vya Verna

Verna Lindqvist amekuwa mshauri wa wanafunzi katika shule yetu hapa mjini Duluth kwa miaka kumi na tisa, na hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kumpenda. Mimi ni msaidizi katika darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Nimekula naye meza moja, naujua ulimi wake.

Joslyn ana miaka kumi na mmoja. Haongei kwa mdomo. Anabonyeza picha kwenye tableti, nayo inamsemea. Mwanzoni tableti ile ilijua "maziwa", "choo", "tafadhali" na "asante", basi. Verna aliikagua akatugeukia.

"Mtoto mzima mmempa maneno ya mhudumu wa hoteli? Akiumia moyoni abonyeze wapi, kwenye maziwa?"

Kuanzia hapo, kila Alhamisi kwa nusu saa, yeye na Joslyn walijifungia wawili wakiongeza vitufe: "naogopa", "nina hasira", "niache", "bado sijamaliza". Joslyn akaacha kujing'ata mikono. Lakini siku moja alimwambia mwalimu wa muziki "niache" mara saba, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mwezi Machi tukaitwa kwenye kikao cha kupitia mpango wa masomo wa Joslyn wa mwaka. Mwalimu mkuu Haugen alikuja na karatasi tayari: Alhamisi ifutwe, vitufe vya Verna viondolewe.

"Ushauri ni mazungumzo," akasema. "Huyu haongei. Na siku hizi amekuwa mjeuri."

"Mtoto wako nyumbani akisema hataki, unamkata ulimi?" Verna akamuuliza.

"Verna, jamani, usianze."

"Nimeshaanza."

Haugen akamsukumia karatasi Rhonda, mama yake Joslyn. Kila mwaka Rhonda hutia saini bila kusoma, maana watu sita wenye vyeti wanamkodolea macho. Akachukua kalamu. Roho iliniuma, nami nikanyamaza, na mpaka leo sijajisamehe.

Joslyn alikuwa kando ya mama yake, kwa kuwa Verna aling'ang'ania awepo. Akanyoosha kidole.

"Bado sijamaliza," tableti ikasema.

Haugen akatabasamu. "Sawa mpenzi, tunamalizia sasa hivi."

"Bado sijamaliza. Nina hasira. Bado sijamaliza."

Rhonda akaiweka kalamu mezani, akairudisha karatasi ilikotoka.

"Mwanangu anaongea," akamwambia Haugen. "Ngoja amalize."