Majina Aliyoyataja Akiweweseka

Nilizaliwa katika kambi ya polisi Nakawa, na Kiswahili nilikipata humo, kwa watoto wa askari wa kaskazini. Nilipokuja kuwa muuguzi katika wodi ya wagonjwa mahututi, nchi ikiwa mikononi mwa wanajeshi, mimi ndiye niliyeitwa kuzungumza na askari, kwa Kiswahili hicho, kila bunduki ilipoingia wodini.

Mgonjwa nisiyemsahau alikuwa karani, mkazi wa Bukoto. Utumbo wake ulitoboka, akapasuliwa, kisha usaha ukaenea tumboni na homa ikamvuruga akili. Asubuhi alilala kama gogo; mchana aling'oa mpira wa dripu akisema shuka lina nyoka. Kila zamu nilimpima. Uko wapi? Nibane mkono. Jiwe huelea majini? Wengine waliona ni mchezo, lakini mtu anaweza kufumbua macho, akakutazama, na bado asiwepo. Bila maswali yale hutajua.

Mchana mmoja akaja ofisa wa usalama, askari wake nyuma. Ofisini kwa karani zilikuwa zimeokotwa karatasi za kuikashifu serikali.

"Sista, mimi nataka ongea na huyu."

"Afande, akili yake haipo kwa sasa. Anaweweseka."

"Mdomo iko?"

"Mdomo upo."

"Basi."

Akainama na kumwuliza alishirikiana na nani. Karani akatabasamu kama mtu aliyepokea wageni, akaanza kutaja: mama yake, aliyekwisha kufa, mwalimu wake wa darasa la kwanza, golikipa mmoja maarufu, na shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeuza viatu Bwaise.

Nikasogea mbele ya kitanda. "Afande, nisikilize nikimpima." Nikamgeukia mgonjwa. "Mzee, uko wapi?"

"Harusini."

"Jiwe huelea majini?"

"Huelea, likishiba."

Askari akacheka. Ofisa hakucheka.

"Sista, mimi hapana kuja kwa sababu ya jiwe."

"Lakini hata marehemu mama yake amemtaja."

"Huyo hatutafuta."

Daktari wetu, bingwa wa kuwafundisha wanafunzi habari za kuchanganyikiwa kwa wagonjwa, alikuwa amesimama mlangoni akitazama viatu vyake. Neno lake lingeweza kuwa na uzito kuliko langu. Hakulitoa. Nimejaribu kutomlaumu, nimeshindwa.

Shemeji alichukuliwa dukani kwake jioni ile ile. Mkewe karani alizunguka kambi zote akiuliza. Mwishowe akaonywa aache kuuliza.

Karani akapona. Homa ilishuka, akajua yuko hospitali, akajua ni mwezi gani, akanibana mkono kwa nguvu. Nilipomwuliza habari ya jiwe, akaniona sina adabu. "Mwanangu, mimi ni mtu mzima." Siku zile za homa hakukumbuka hata moja.

"Mbona shemeji haji kuniona?" akamwuliza mkewe.

Mkewe alikuwa akimmenyea ndizi. Hakuinua uso. "Amevukia Kongo, kutafuta biashara."

"Bila kuniaga?"

"Ulikuwa mgonjwa."

Karani akageukia ukutani. Akasema yeye ndiye aliyemsimamia shemeji yule harusi yake, na leo ameachwa kama mbwa.

Mkewe akaniomba, kwenye korido, nisimwambie mumewe ukweli kamwe. Nikakubali. Karani akaruhusiwa, akarudi Bukoto kwa miguu yake mwenyewe, na kinyongo kwa mtu ambaye hata kaburi hakupewa.