Mshahara wa Mgonjwa

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikisikia mgahawa unafunguliwa tena baada ya maradhi, hunirudia. Jana uliniambia unafungua tena mgahawa wako hapa Ifakara, baada ya korona kukukatia wateja mpaka ukafunga. Ukasema wafanyakazi utawalipa kwa siku watakazokuja tu, "mpaka mambo yakae sawa." Keti basi, nikueleze kwa nini sikubaliani nawe.

Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo zinaanza, mhudumu kwenye mgahawa wa Mama Sabina, mtaa wa Mlabani. Alikuwa mjane, mkali wa maneno lakini mkarimu wa sahani. Hakuna aliyetoka kwake na njaa. Tuliuza wali na samaki wa kijiji cha Mofu. Mpishi wetu alikuwa Kulwa, Msukuma aliyekuja bonde hili la Kilombero na ng'ombe wa baba yake, akaoa, akaacha fimbo akashika mwiko. Masika moja kikaingia kipindupindu. Bwana afya akafunga migahawa yote ya mji. Tukakaa nyumbani, na mtu akikaa bila kazi hula kwanza akiba, kisha hula mbegu.

Ruhusa ya kufungua ilipotoka, Mama Sabina alituita. Mtaji wake ulikuwa umeliwa karibu wote. Vidole vyake havikuacha kukunja ncha ya kanga.

"Anayekuja analipwa," alisema. "Asiyekuja halipwi. Uumwe, ufiwe, shauri yako. Msije mkanililia."

Tukaitikia, "Ndiyo, mama." Nani angebisha? Mnyonge hana haki, walisema wazee, na sisi tulikuwa wanyonge wenye njaa.

Haikupita hata wiki. Asubuhi hiyo mabenchi yalijaa: vibarua wa miwa waliokuwa safarini, na mama mmoja na wanawe wadogo. Niliingia jikoni kuchukua sahani nikamkuta Kulwa ameegemea ukuta, midomo imekauka, macho yamezama. Nilikuwa nimemwona akienda chooni tena na tena, nikajidanganya.

"Kulwa, unaumwa."

"Moshi tu."

"Huo si moshi."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki. "Mdogo wangu, mke wangu yuko nyumbani na kichanga. Nikikosa leo, watakula nini? Nyamaza, nakuomba." Kisha akainama, akaendelea kukata kachumbari.

Mwanangu, hofu nazijua. Nimevuka Mto Kilombero umefurika, nimelinda mpunga tembo wakipita jirani. Hakuna iliyofikia ile. Nikisema, nimemnyima chakula mtoto wa rafiki yangu. Nikinyamaza, yule mama pale nje anawalisha wanawe ile kachumbari. Nilibeba sahani mpaka mlangoni, nikaiweka chini. Nikamwendea Mama Sabina aliyekuwa akihesabu fedha mbele, nikamnong'oneza.

Aliingia jikoni kama moto wa nyika. "Unataka kuua watu ndani ya nyumba yangu?"

Kulwa hakufoka. Alisema polepole, akitafuta pumzi, "Mama, ulisema asiyekuja halipwi. Mimi nimekuja."

Wali ulianza kuungua, hakuna aliyeuepua. Mama Sabina akatoka nje mbele za wateja.

"Wageni wangu, nisameheni. Leo hatuli hapa. Mpishi wangu anaumwa, na sitawaficha."

Watu waliinuka kwa vurugu, benchi likapinduka. Mmoja alitema mate kizingitini. Chakula chote tulikifukia shimoni, wali na samaki, nami nikajua moyoni kwamba kazi imekwisha. Kulwa nilimpeleka hospitali kwa baiskeli, nimemfunga kwangu kwa kanga asianguke. Mama Sabina alikwenda mwenyewe kwa bwana afya kabla hajatafutwa, naye akaufunga tena mgahawa.

Siku zile hatukujua kama Kulwa ataishi. Katikati ya kutojua huko, Mama Sabina akaniita, akanipa kibahasha. "Mpelekee mkewe. Mwambie ni mshahara."

"Lakini mama, Kulwa hajaja kazini."

Akanionyesha mlango. "Nenda."

Mke wa Kulwa aliitwa Milembe. Nilimkuta mlangoni, kichanga begani.

"Shemeji, nimetumwa na Mama Sabina. Ni mshahara wa Kulwa."

Hakunyoosha mkono. Uso wake ulipauka. "Amekufa lini?"

"Hajafa, shemeji!"

"Usinidanganye. Hajaenda kazini. Sasa wanalipa nini, kama si rambirambi?" Akakaa chini vumbini, akalia kilio cha msiba, majirani wakakimbilia. Niliapa mpaka sauti ikanikauka. Hakuniamini. Ikabidi kichanga kiachwe kwa jirani, tuongozane mpaka hospitali, na pale dirishani, maana wodini hawakuruhusu watu, akamwona mumewe ameshika kikombe cha uji, amekonda, lakini ni mzima.

Hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tunaishi vipi, mwanangu. Kwetu, mtu asiye kazini alilipwa akiwa maiti tu.

Mgahawa ulifunguliwa tena, kwa shida. Wavuvi wa Mofu walimpa Mama Sabina samaki kwa mali kauli, alipe akishauza, akina mama wa sokoni wakamchangia mchele. Wateja wengine hawakurudi kamwe. Kulwa alirudi mwikoni, akaninunia muda mrefu, wala sikumlaumu. Ila tangu hapo, mtu akijisikia vibaya kwa Mama Sabina alisema mapema, akaenda kulala kwake, na mshahara ukamfuata.

Basi sikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini jiulize ni nani aliyemfundisha kuficha. Usimfundishe wewe. Mfanyakazi akiumwa mpumzishe na umlipe; sheria inayo likizo ya ugonjwa, si hisani yako. Kima cha chini cha mshahara wa kazi za hoteli na migahawa hupangwa na serikali. Usiulize jirani, nenda kwa afisa kazi akuambie cha sasa, maana hubadilika. Mkataba uandike, hata kama mpishi ni mtoto wa shangazi yako. Na hasara ya korona usiikate kwenye jasho la wahudumu, kwa kuwa hawakuileta wao.

Najua unaogopa. Kodi ya fremu ya mgahawa inakusubiri, gunia la mchele limepanda bei. Kuuliza si ujinga: nenda halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii, uulize mikopo ya vikundi vya akina mama na vijana, na masharti yake uyasome kabla ya kutia sahihi. Zungumza na mwenye fremu kabla hajaja kugonga. Mama Sabina angebaki kujifungia na aibu yake, wale wavuvi wasingejua pa kumpata.

Nenda ukafungue, mwanangu. Mungu akupe sufuria isiyokauka na wageni wenye shukrani. Wanaokupikia wasikuogope hata siku moja kukwambia wanaumwa, nawe usije ukapeleka mshahara nyumba ya mtu ukapokewa kwa kilio.