Niliandika Mamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa kisu. Nilikuwa na buti mpya zinazonibana vidole, sare yenyewe imenipwaya, na Sajenti wa kambi ya Garsen alinipeleka mbugani kunionyesha mipaka ya doria. Tukamkuta nyamera, yule swala mkubwa mwekundu wa tambarare zetu, ameketi kitako kwa sababu fisi walikuwa wamemla paja moja akiwa hai. Alikuwa anatutazama tu. Mimi ni mtu wa Golbanti, nimekulia shamba la kando ya mto, na kwetu mnyama akifikia hapo anamalizwa, hakuna mjadala. Nikachomoa kisu. Sajenti akanishika mkono, akakichukua, akakitia mfukoni mwake.

"Nani kamuumiza?" akaniuliza.

Nikamwambia fisi.

"Basi si kazi yetu. Aliyeumizwa na mtu tunamtibu. Aliyeumizwa na pori tunamwachia pori. Kaa chini, andika."

Tulikaa mpaka alasiri. Mzee mmoja wa Kiorma alipita na ng'ombe wake, akatusalimu vizuri, akaomba ruhusa amchinje yule mnyama kabla hajawa kibudu. Alisema hataki nyama, sheria ya nyama ya porini anaijua. Alitaka tu apumzishwe, maana kumwacha vile ni dhambi. Sajenti akamkatalia kwa adabu. Yule mzee alinitazama mimi, si Sajenti, halafu akafuata ng'ombe wake. Niliona haya ambayo sijui kuieleza, mtu mzima na sare ya serikali, nimekaa chini namtazama mnyama akifa huku nimeshika kalamu.

Nyinyi vijana mlioajiriwa juzi mnapenda kuniuliza kama sheria ile ni ya kijinga. Si ya kijinga. Fisi naye ana watoto, na tungemtibu kila swala aliyeng'atwa, tungekuwa tunafuga, si kulinda. Sheria yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mtu aliyepewa kujaza fomu yake, yaani mimi.

Maana sheria hiyo yote ilikuwa inasimama juu ya neno moja kwenye fomu. Kulikuwa na karatasi tuliyoiita fomu ya jeraha: mnyama gani, dume au jike, yuko wapi, na chini yake mstari mfupi ulioandikwa "chanzo". Ukiandika simba, fisi au mamba, karatasi inaishia kwenye faili. Ukiandika waya, mkuki au gari, Mkuu wa Kituo anapiga simu, na daktari wa wanyama anakuja kutoka mbali na bunduki ya mshale, ule mshale wenye dawa ya usingizi, anamlaza mnyama na kumtibu. Lakini daktari haji peke yake. Nyuma yake wanakuja wapelelezi kumtafuta mwenye waya, na sheria ya siku hizi haina mchezo. Mtu anafungwa miaka, familia inabaki hivyo hivyo.

Kusoma jeraha nilifundishwa Hola, nilipohamishiwa juu ya mto. Koplo wa huko alikuwa mkavu, hacheki, ila kazi aliijua. Alinifundisha kwamba fisi hula kwa nyuma, simba huacha kucha mabegani, na mamba hupindua, kwa hiyo nyama hutoka imesokoteka na kuchanika ovyo. Waya ni kitu kingine. Waya hukata duara. Manyoya yananyolewa kama pete, halafu nyama inavimba juu na chini yake mpaka waya wenyewe hauonekani. Koplo alisema mtu anayechanganya waya na mamba ni kipofu au ni mwongo. Alisema akiwa anakula, bila kuinua uso, na mimi nikacheka.

Huko Hola niliona kazi hii ikifaulu mara moja. Pongo, yule swala wa vichakani, alikuwa na kitanzi shingoni, tukaripoti, daktari akaja siku ya pili. Akamlaza, akakata waya kwa koleo, akapaka dawa, akamdunga sindano ya kumwamsha. Yule mnyama akasimama, akayumba, akaingia kichakani. Askari wazima na bunduki zetu tulipiga makofi. Nilirudi kambini nikiwa na furaha ya kitoto, nikampigia mke wangu simu kumhadithia. Sikujua kwamba furaha ya kazi yangu yote ndiyo imekwisha siku ile.

Baadaye nikapandishwa cheo kuwa Koplo, nikarudishwa delta, kwenye kambi ndogo upande wa Chara. Chara ni kwa wakwe zangu, na mke na watoto nilikuwa nao huko. Kaka wa mke wangu, Buya, alikuwa analima mpunga na mahindi kando ya mto, na msimu wa samaki alikuwa anasuka migono, ile mitego ya samaki ya vijiti. Buya anatumia mkono wa kushoto. Kamba yoyote aliyoisokota inazunguka kinyume na za watu wengine, na Chara nzima ukiona mgono umefungwa hivyo unajua ni wake. Mwaka ambao mafuriko yalitutoa Golbanti, ni Buya aliyekuja na mtumbwi kumchukua mke wangu na watoto, mimi niko kazini. Alikaa nao miezi, hakuwahi kunikumbusha. Shemeji wa namna hiyo humpati mara mbili.

Na Buya alikuwa anatega waya. Alitegea nguruwe, kwa sababu nguruwe mwitu akiingia mpunga asubuhi hakuna kitu. Nilijua. Nilimwambia mara moja, tukiwa tunakula, kwamba waya haujui nguruwe wala kuro, utamshika atakayepita. Akasema, shemeji, basi njoo ulale wewe shambani kwangu uwafukuze. Tukacheka, yakaishia hapo. Tangu siku hiyo doria zangu zilikuwa hazigusi shamba lake, na nilijiambia ni bahati tu ya njia.

Asubuhi moja mwenzangu akiwa likizo, nilitoka peke yangu, nikamkuta kuro kwenye maji ya kina kifupi, mwendo mdogo kutoka kwa Buya. Kuro mnamjua, yule swala mzito mwenye duara jeupe matakoni, mnyama wa majini kama tulivyo sisi. Alikuwa jike, tumbo limeshuka, mimba kubwa. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa hewani. Nilikanyaga tope la ukingo mpaka nikawa karibu vya kutosha, nikainua darubini. Kipande cha waya kilikuwa kinaning'inia kutoka kwenye uvimbe, nyuzi mbili zimesokotwa, na zilisokotwa kwenda kushoto.

Nilikaa kwenye tope. Sijui nilikaa kwa muda gani. Halafu redio ikaita, Mkuu wa Kituo anataka ripoti ya asubuhi, nikamwambia nina kuro ameumia mguu.

"Waya au mamba?" akauliza.

Nikasema, "Mamba, afande."

"Pole yake. Endelea kumwangalia, uandike."

Basi nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wakubwa wote walikuwa wakiusifu. Kuro, jike, mguu wa nyuma, chanzo mamba.

Niliporudi kesho yake alikuwa pale pale. Siku ya tatu uvimbe ulipanda mpaka kwenye goti na inzi walikuwa wengi. Nyinyi mtasema, si ungempiga risasi. Kila risasi ina fomu yake, na kuro akipigwa risasi anachunguzwa, na akichunguzwa alama ya waya inaonekana. Mtasema, si ungemtoa waya mwenyewe. Kuro aliye macho humkaribii ukiwa peke yako, atakuua au atajivunja mguu akikimbia. Mtasema, si ungerudia redio ukasema umekosea. Kila asubuhi nilishika redio, na kila asubuhi nilimwona Buya kwenye mtumbwi akiwavusha watoto wangu kwenda shule, nikairudisha kiunoni. Kwake sikwenda. Nilimwambia mke wangu kazi ni nyingi, nikalala kambini wiki nzima, kwa sababu sikuweza kula ugali wa yule mtu huku najua ninalolijua.

Siku ya saba nilimkuta amelala ukingoni. Alikuwa ameanza kuzaa. Kwato mbili ndogo zilikuwa zimetoka, na hapo nguvu zilimwisha. Wote wawili walikuwa wamekufa. Nilitoa kisu changu, kile ambacho Sajenti alinirudishia jioni ya siku ya kwanza, nikakata mpaka nikaupata waya, ulikuwa umefika kwenye mfupa. Niliutupa mtoni. Nikanawa mikono, nikaandika kwenye fomu kwamba mnyama amekufa kwa jeraha la mamba, nikatia sahihi.

Nilistaafu nikiwa Sajenti. Walinifanyia sherehe ndogo Garsen, na Ofisa wa Kanda alisimama akasema ripoti zangu ni za kuigwa, kwamba hakuna fomu yangu iliyowahi kurudishwa. Watu wakapiga makofi. Nilikula pilau yao nikaja nyumbani. Nadhani nilijifariji kwa jambo moja tu miaka yote hiyo, kwamba mnyama aliteseka, ndiyo, na mimi nililitia doa jina langu kwa siri, lakini niliokoa mtu. Mtu akizeeka anahitaji kitu cha kushikilia, na mimi nilishikilia hicho.

Mwaka huu mama mkwe alifariki, tukaenda Chara kwenye matanga. Siku ya tatu, mchana, Buya alikuja akaketi nami mkekani. Amezeeka, mkono wake wa kushoto unatetemeka, hasuki tena. Tuliongea habari za marehemu, halafu akaniuliza kama namkumbuka yule kuro.

Nikasema namkumbuka.

"Mimi ndiye niliyemwona kwanza," alisema. "Ulikuwa waya wangu, shemeji. Nilikwenda kuchukua panga nimmalize, maana nilimwonea huruma na ile mimba. Kufika tena nikaona alama za buti zako kwenye tope. Nikasema, alhamdulillah, shemeji amefika, daktari yuaja. Nikarudi na panga langu."

Aliniambia kwamba siku hiyo hiyo aling'oa waya zote shambani na kuzizika, na hajatega tena mpaka leo. Alimwambia mkewe kwamba atafungwa na asilaumu mtu, kwa sababu kazi ya shemeji ni kazi. Kila asubuhi aliwavusha watoto wangu mto, akirudi anaoga, anavaa shati lake safi la sikukuu, anakaa mlangoni kutungoja. Alikuwa ameshaamua kwamba atakubali kosa, mradi yule mnyama apone. Siku saba alikaa hivyo, mpaka aliposikia kwamba kuro amekufa. Hakuusogelea ule ukingo tena, asije akaharibu kazi ya daktari.

Nilitazama mkeka. Ndani akina mama walikuwa wanapakua chakula, tukaitwa tukanawe mikono, hakuna aliyeinuka.

"Nimekuwa nikitaka kukuuliza miaka yote," Buya alisema. "Kwani daktari alichelewa?"

Nikamwambia ndiyo, alichelewa.

Akaniwekea mkono begani, ule unaotetemeka, akanipa pole.