Vumilia wa Katoro anaikumbuka barafu inayokwisha

Saa moja asubuhi, bodaboda za Katoro, mkoani Geita, zimekwishaanza kugombea abiria, lakini ndani ya ghala la sampuli nje kidogo ya mji kuna utulivu. Vumilia Mayala amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Mbele yake kuna visanduku virefu vya bati, na ndani yake vipande vya mwamba, vya mviringo kama mua, vilivyotolewa ardhini na mtambo wa kuchoronga.

Anakiinua kimoja kwa mikono miwili, anakigeuza taratibu, anatafuta kilipovunjikia, kisha anakiunganisha na mwenzake.

"Mwamba hauna haraka," anasema bila kuinua kichwa. "Uache hapa, urudi ukiwa mzee, utaukuta. Barafu ukigeuka tu, imekuacha."

Vumilia, mwenye umri wa miaka 38, ni binti wa wafugaji wa Samuye, mkoani Shinyanga. Kwa muda mrefu kazi yake imekuwa kupokea na kupanga sampuli za wanaotafuta dhahabu. Lakini majira mawili ya kiangazi aliifanya kazi hiyohiyo mbali sana na hapa: Greenland, kisiwa kikubwa karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ambako aliishi kwenye hema juu ya barafu.

Aliyempeleka huko ni bosi wake wa zamani, mchorongaji kutoka Denmark. Mtu huyo alipomaliza mkataba wake Geita alijiunga na watafiti wanaochoronga barafu ili kujua inavyopungua. Wakahitaji mtu wa kupokea vipande vinavyotoka kwenye mtambo bila kuvivunja. Akamkumbuka Vumilia.

Ilikuwa mwaka 2016. Vumilia alikuwa analea peke yake mtoto wa miaka miwili, Limi, jina ambalo kwa Kisukuma ni jua. Nyumba ya mama yake, Mbuke, ilikuwa ya udongo, na masika yaliyopita ukuta mmoja ulikuwa umelala chini.

"Mama aliniambia, 'Nenda. Huyu mtoto ni wangu pia,'" anakumbuka. "Nikaenda."

Miezi mitatu ya kule ilimlipa kiasi ambacho ghala lingemlipa kwa miaka miwili. Hata hivyo, anapoulizwa kuhusu Greenland, si fedha anazoanza kuzitaja.

"Nilidhani barafu ni nyeupe, kama ya kwenye friji. Ile ya chini ni ya bluu. Ukiisogeza sikioni unaisikia inapasuka kidogokidogo, kama chumvi motoni. Waliniambia ni hewa ya zamani inatoka, ilifungiwa mle kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Siku ya kwanza nilikaa na kipande kimoja sikioni mpaka bosi akanicheka."

Mpishi wa kambi alikuwa Naja, mwanamke wa rika lake kutoka kijiji cha jirani, kando ya maji. Kwa Kiingereza cha kuokoteza wakawa marafiki. Naja ndiye aliyemwonyesha mahali barafu inapokutana na bahari, mapande makubwa kama majengo yanapokatika na kuanguka kwa kishindo cha baruti za mgodini.

"Bibi yake Naja alikuwa anauona ukingo wa barafu kutoka dirishani," anasimulia Vumilia. "Sisi ilibidi tupande boti."

Watafiti walikuwa wamechomeka vigingi virefu vya chuma kwenye barafu. Kigingi kilichozikwa chote mwanzoni mwa kiangazi kilikuwa kinajitokeza kadiri barafu inavyoyeyuka. Vumilia, mtoto wa zizi, alilielewa jambo hilo kwa njia ya nyumbani.

"Ni kama ng'ombe," anasema. "Theluji ya majira ya baridi ndiyo ndama. Inayoyeyuka na inayokatika baharini ndiyo vifo. Kila mwaka vipo vyote viwili. Zamani vilikuwa vinalingana, zizi linabaki zizi. Siku hizi vifo vimezidi. Na havizidi kwa kiwango kimoja. Mwaka mmoja unapoteza kidogo, mwaka mwingine unapoteza sana."

Majira ya pili, mwaka 2017, alikuta theluji imeanguka nyingi. Vigingi vilijitokeza kidogo tu. Naja alipika nyama ya sili, mnyama wa bahari ya kule, kwa kambi nzima, akacheza akiwa na mwiko mkononi.

"Tulidhani imepona," anasema Vumilia. "Mgonjwa akiomba uji, nyumba nzima hufurahi."

Furaha ile haikudumu kwake. Katikati ya msimu, Mbuke alimpigia kupitia simu ya setelaiti ya kambi. Limi alikuwa amelazwa kwa malaria. Tufani ilikuwa imefunga anga, helikopta hairuki, na hata ingeruka, Shinyanga ilikuwa mbali.

Akaomba asogezewe mtoto simu. Akamsikia analia, "Mayu! Mayu!" Ndilo neno la Kisukuma la mama.

"Nikaitika, 'Abee mwanangu, mama nipo.' Akazidi kulia. Ndipo nikamsikia mama yangu anamwambia, 'Nipo, nipo hapa.' Mtoto akanyamaza." Vumilia anafuta mikono kwenye aproni, ingawa haina vumbi. "Alikuwa anamwita yeye."

Limi alipona. Vumilia aliporudi Samuye, mtoto alijificha nyuma ya kitenge cha bibi yake na kuuliza mgeni ataondoka lini.

Nyumba ya matofali na bati ilikuwa imesimama. Mbuke, ambaye bado anaishi humo, anasema siku ile hakuitazama nyumba, alimtazama binti yake.

"Alikaa kwenye kigoda na zawadi zake mapajani, hazina mtu wa kuzipokea," anasema. "Nikamwambia, usimlazimishe. Mtoto ni kama ndama aliyenyonyeshwa na mwingine. Kaa karibu tu."

Akakaa karibu. Mwaka 2019 bosi wake wa zamani alimwita tena, akakataa. Badala yake alimhamishia Limi Katoro, ambako kwa miezi mingi mtoto aliuliza kila jioni watarudi lini nyumbani.

Kiangazi hichohicho Naja alimtumia picha. Joto lilikuwa limekuja kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kigingi walichowasaidia watafiti kukichomeka kilikuwa kimelala juu ya barafu, kirefu chote, hakina cha kukishika.

"Niliitazama ile picha nikiwa napika ugali," anasema Vumilia. "Nikajisikia kama mtu aliyekimbia msiba wa kwao."

Jioni moja, wiki chache baadaye, Limi alikuwa anakula maharage. Bila kuinua macho akasema, "Mama, chumvi." Vumilia alimpa, akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba mpaka machozi yakakauka. Mtoto hakujua kwamba amemwita mama kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo amekuwa na vyote viwili: mtoto aliyempata na barafu aliyoiacha. Anasema huikumbuka zaidi Septemba, jua la Katoro linapochoma na vumbi la malori kujaa mdomoni. Hukumbuka ukimya wake. Hukumbuka mwanga wa usiku kucha ambao wakati ule aliuchukia, kwa sababu ulimnyima usingizi naye akatamani giza la Samuye.

"Nikiwa kule nililia kwa ajili ya huku. Sasa niko huku," anasema na kucheka kidogo. "Moyo wa mtu haujui kukaa ulipo."

Aprili mwaka huu ulifika ujumbe mwingine. Kambi inavunjwa. Barafu chini yake imepasuka na haiaminiki tena. Sampuli za miaka yote, zilizohifadhiwa kwenye pango lililochimbwa humohumo barafuni, lazima zihamishwe kabla ya Agosti. Kazi ya wiki sita. Naja aliandika kwa Kiingereza chao: njoo, ni mara ya mwisho.

Vumilia hakujibu. Hakumwambia mtu. Limi, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, ndiye aliyeukuta alipoazima simu ya mama yake.

"Mama, Naja anataka uende wapi?"

Akamweleza. Binti akasikiliza hadi mwisho.

"Bibi alisema zamani ulikwenda kututafutia nyumba. Nyumba ipo. Sasa unakwenda kutafuta nini?"

"Sitafuti kitu, mwanangu. Nimeikumbuka tu."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa utadhani nakuacha tena."

Limi alichezea kifuniko cha simu. "Mimi sikumbuki ukiniacha," akasema hatimaye. "Nakumbuka ukiwa hapa. Nenda. Ila upige simu kwangu, usipige kwa bibi."

Vumilia anaeleza hayo akiwa amekaa juu ya kisanduku kitupu, chai imepoa pembeni. Mwajiri wake amemruhusu likizo isiyo na malipo. Pasipoti imetoka, anasubiri viza. Limi atakwenda Samuye kwa bibi yake, na ameshaagiza aletewe sauti ya barafu ikipasuka, irekodiwe kwenye simu.

Anajua atakachokikuta si kile alichokiacha. Naja amemwonya kwamba mahali lilipokuwa hema lao sasa ni maji, na kwamba hata mwaka wenye theluji nyingi hauwezi tena kurudisha kilichokwenda.

Kwa nini basi kusafiri nusu ya dunia kutazama kitu kinachokwisha?

Vumilia analishangaa swali. Kwao Samuye, anasema, mgonjwa wako akizidiwa hungoji kupigiwa simu ya msiba. Unafunga mzigo, unakwenda kumwona angali anapumua, hata kama huna dawa ya kumpelekea.

"Nitakaa naye," anasema. "Nitamshika. Halafu nitarudi kwa mwanangu."